Yatima Mwenye Baba

Neno "fursa" lilinichosha kabla vita havijanichosha. Katika ile miaka miwili mitatu baada ya bendera yetu kupandishwa, Juba nzima ilikuwa ikisema fursa. Mashirika yalishuka uwanja wa ndege kila siku, na kila shirika lilikuja na fursa zake: za akina mama, za vijana, za amani. Mimi nilikuwa na kibanda mtaa wa Malakia, kompyuta mbili na mashine ya fotokopi, na fursa zote zilipita mezani kwangu. Nilisoma sekondari Kenya wakati wa ukimbizi. Katika mtaa wa watu waliosomea Kiarabu, Kiingereza changu na Kiswahili changu vilinifanya mtaalamu wa maombi.

Kanisa likitaka kisima, nilijua kisima hakiombwi hivihivi. Unaandika maumivu kwanza. Unaweka wajane, unaweka watoto waliolala porini, halafu chini kabisa ndipo unaweka bomba. Visima kadhaa vilichimbwa kwa maneno yangu, na nikivipita barabarani nilitembea kifua mbele.

Ndipo likaja shirika lililotafuta waandishi chipukizi. Lilitaka hadithi fupi, kwa Kiingereza au Kiswahili. Watakaochaguliwa wangekwenda Nairobi, wakae na waandishi waliokomaa, wafundishwe kazi, na hadithi zao zitiwe kitabuni. Hapa kwetu kijana aliyetaka kuandika hakuwa na pa kwenda. Hakuna mchapishaji, hakuna gazeti la hadithi, hakuna hata mtu wa kumsomea ulichoandika akakwambia kimeharibika wapi. Fursa ile ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana hasira yangu haijaisha.

Jirani yangu aliuza unga na chumvi, na alikuwa na binti aliyezaliwa Arua, upande wa Uganda, wakarudi wote nyumbani kabla ya uhuru. Jioni, akishafunga duka la baba yake, alikuja kibandani kuchapa hadithi zake. Ile aliyotaka kuipeleka kwenye shirika ilimhusu fahali mwenye pembe iliyopinda. Fahali anatolewa mahari nyumba moja, huko anatolewa tena kumwozea kijana wa nyumba hiyo, anazunguka nyumba kwa nyumba mpaka anaingia tena katika zizi alimozaliwa. Mwenye zizi anapiga hesabu, anaona kwamba fahali sasa ni mkwewe, na hajui kama inafaa kumfunga kamba.

Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Kisha nikafuta machozi, nikamwambia, "Hii haitafika."

"Kwa nini, mjomba? Si umecheka?"

"Nimecheka mimi. Wale hawapandi ndege kuja Juba kucheka. Vita viko wapi hapa?"

"Vita mimi nilivisikia redioni. Nilikuwa Arua, nasukuma chapati."

"Basi wewe ni mkimbizi."

"Mkimbizi aliyesoma kwa masista akanenepa?"

"Hiyo ya kunenepa usiiandike."

Alicheka, lakini akaketi. Alinisikiliza kwa sababu nilikuwa mzee na kwa sababu visima vilikuwa vimetoka. Nami nikampa kaka yangu. Kaka yangu aliuawa katika vita vya zamani, kwenye kivuko cha mto, na watu aliowajua kwa majina. Mimi mwenyewe nilitaka kuiandika habari hiyo tangu ujana, nikaogopa kila mwaka. Nikamsimulia binti yote: matope, kiatu kimoja kilichobaki, lugha waliyoisema wauaji. Nikamwambia aliyeuawa awe baba, na anayesimulia awe mtoto.

"Lakini baba yuko pale anapima unga," alisema.

"Ni hadithi. Katika hadithi mtu hafi kweli."

Aliiandika vizuri mno. Palipotakiwa maelezo ya mwandishi aliandika jina na shule. Alipotoka, mimi niliyekuwa natuma niliongeza neno moja bila kumwuliza: yatima.

Alichaguliwa. Hadithi ilisomwa hotelini, kando ya mto, na wageni wakajifuta macho kwa vitambaa vya mezani. Shirika liliiweka kwenye mtandao pamoja na picha yake, na juu yake likaandika "ushuhuda". Baba mtu, asiyesoma Kiswahili wala Kiingereza, alichinja mbuzi. Nilikula yule mbuzi.

Desemba bunduki zikalia. Tulilala sakafuni, na tulipoinuka, mji ulikuwa umegawanyika kwa lugha, na watu waliulizwa njiani wanasema lugha gani kabla ya kuulizwa jambo lingine lolote. Hapo hadithi ikaanza kutembea. Mtu aliigeuza Kiarabu, akaituma kwenye simu na picha ya binti: tazameni wale walivyomfanyia baba wa msichana huyu. Wale, maana yake ni watu wa lugha niliyoitia mimi katika hadithi. Waliochinjana walikuwa na sababu zao kabla yangu, sijidai kuwa mkubwa hivyo. Lakini kuni moja ilitoka kwangu.

Jirani yangu alikuja kibandani na simu ya mtu mkononi.

"Malesh, ndugu yangu," alisema. "Pole kwa msiba. Nimekufa na hukuniambia."

Nikaipokea simu, nikaiona picha ya binti.

"Nimesoma mpaka kwenye kiatu. Huyo ni kaka yako. Ulilia mbele yangu juu ya kiatu hicho. Kwa nini umenivisha mimi?"

"Nilitaka mtoto aende Nairobi."

"Jana wamekuja vijana wawili na bunduki, wanatafuta nyumba ya msichana aliyetukana kabila lao. Wameniuliza mimi. Nimewauzia soda, nimewaambia simjui. Mwanangu! Nimesema simjui!"

Binti aliliandikia shirika, akaomba hadithi iondolewe. Maofisa walikuwa wameshasafirishwa, wakamjibu kutoka mahali penye umeme. Walisema sauti yake inahitajika sasa kuliko wakati wowote. Walimwomba aizungumzie redioni akifika Nairobi, na tiketi ilikuwa tayari. Angeweza kwenda, akakaa huko salama, akaendelea kuwa yatima kwa Kiswahili kizuri. Badala yake aliwaandikia ukweli: baba yangu ni mzima, anauza unga, na hii hapa hadithi yangu mwenyewe. Akawatumia fahali.

Wakaiondoa hadithi. Wakamwondoa na yeye. Barua yao ilizungumza juu ya uaminifu, aya tatu za uaminifu, na juu ya fahali hawakusema hata kwamba wamempokea. Watu waliokuja kutuonyesha njia ya kuandika! Walitaka jeraha, wakaletewa jeraha, wakalibandika jina la ushuhuda bila kumwuliza mtu, kisha wakamfukuza msichana kwa sababu hakutoka damu. Nani aliwafundisha vijana wetu kwamba mwandishi wa nchi hii lazima awe na marehemu mkononi?

Jibu ninalo: wao, na mimi. Anwani yao nilikuwa nayo. Ningeandika kwamba neno yatima ni langu. Sikuandika, kwa sababu nusu ya wateja wangu walikuja kwa ajili ya mashirika, na nilichelea jina langu. Nilijiambia nitaandika hali ikitulia.

Binti alipita kuaga, anarudi Arua kwa barabara ya Nimule. Nikamwambia nitamtafutia shindano jingine.

"Mjomba," alisema, "usinitafutie tena kitu." Kwa adabu kabisa, akiwa ameinamisha kichwa.

Miezi ilipita. Siku moja nilimsindikiza dada yangu uwanja wa ndege, anakwenda Entebbe kutibiwa, nikamwona afisa wa shirika lile, bwana wa Nairobi niliyekutana naye hotelini siku hadithi iliposomwa, akiwapanga mlangoni waandishi waliochaguliwa. Alinitambua, akaja kunishika mkono kwa furaha.

"Mzee! Mwakani tunarudi. Unijulishe ukipata kijana mwenye hadithi nzito."

"Nilikuwa naye," nikasema. "Anaandika vichekesho."

"Ah, yule." Uso ukamsawijika. "Yule alituangusha sana. Kusema uongo juu ya kifo cha mzazi."

"Hakusema yeye! Baba yake nilimuua mimi!"

Nilipiga kelele. Askari wa mlangoni akageuka na bunduki yake, watu wakasogea, afisa akaachia mkono wangu kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Ilibidi nimweleze askari, kwa Kiarabu changu kibovu, kwamba niliyemuua ni mzima, anauza unga Malakia, aende akamwulize. Alinisachi mifuko yote. Alipomaliza, waandishi walikuwa wameshaingia ndani na afisa wao, na mlango umefungwa.