Safari ya Skopelos, Kutokea Granville

Jumamosi iliyopita njia ya treni ya kwenda Minto, tunakoishi sasa, ilikuwa kwenye matengenezo, ikanibidi nizungukie Granville. Ningeweza kubadilisha treni palepale na kuendelea zangu. Badala yake nikapanda ngazi, nikatoka stesheni, na miguu ikashika njia yenyewe: kulia kwenye duka la mikate la Walebanoni, moja kwa moja kupita gereji za kunyoosha mabodi ya magari, kisha kushoto. Harufu ya kuku wa mkaa ilikuwa ileile. Nyumba yetu haikuwepo. Wamejenga ghorofa la rangi ya kijivu, na pale kando, tulipokuwa tukiegesha gari, pana lango la kushukia chini kwenye maegesho ya wapangaji.

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nikuambie ukweli, rafiki yangu, sikuililia nyumba. Ilikuwa nyumba ya mbao ya kupanga, inavuja baridi kila upande. Nilichokililia ni ile sehemu ya kuegesha gari, maana pale ndipo tuliposafiri kwenda Ugiriki.

Miaka ile ya korona nilikuwa shule ya msingi. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye ghala moja huko Minto, na Mama alisafisha kliniki ya meno. Ndugu wa damu wa Baba alikuwa mmoja tu, dada yake mkubwa, Shangazi yangu, nesi katika mji mdogo karibu na Munich, Ujerumani. Walizaliwa wawili tu Morogoro. Mmoja akaenda kaskazini kusoma, mwingine akaja huku Australia, mwisho wa dunia, na tangu bibi yangu azikwe walikuwa hawajaonana.

Wazo la safari lilikuwa la Shangazi. Alikuwa na rafiki kazini, nesi Mgiriki, ambaye mama yake alikuwa na nyumba ya vyumba viwili kwenye kisiwa kinachoitwa Skopelos. Nyumba inakaa tupu karibu mwaka mzima. Rafiki akasema, chukueni funguo. Mpango ukawa hivi: sisi watatu tungeruka hadi Munich, kisha sote tungepanda gari la Shangazi na kwenda kwa barabara, Austria, Slovenia, Kroatia, Serbia, Makedonia, mpaka Ugiriki, hadi bandari ya Volos, na hapo gari lingeingia kwenye feri.

Mama alimuuliza, "Wifi, si kuna ndege? Kwa nini tujitese nchi zote hizo?"

Shangazi akacheka. Alikuwa na kicheko cha kuanzia puani. "Ndege itanipa saa mbili na kaka yangu, na hizo mbili atalala. Mimi namtaka ndani ya gari, mkanda umefungwa, hana pa kukimbilia. Wewe unamjua. Huyu bila kufungiwa haongei."

Baba alitabasamu tu, akaendelea kumenya chungwa. Ni kweli, haongei.

Kila Jumapili jioni kwetu, kwao asubuhi, simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai na mpango ukaendelea. Kazi yangu ilikuwa kukunja nguo zilizotoka kwenye kamba huku nikisikiliza. Mama alikuwa akikaanga maandazi, mafuta yakinong'ona, na iliki ikijaza nyumba yote. Nikimjibu Shangazi kwa Kiingereza, kama nilivyowajibu watu wote wakati huo, alikuwa anakunja uso na kusogeza sikio kwenye simu. "Eti? Sikusikii, mtandao unakatika." Nikirudia kwa Kiswahili, mtandao unapona palepale. Kiswahili hiki ninachokuandikia, chote ni kazi yake.

Mipaka ilipofungwa, tulidhani ni jambo la miezi. Safari ikasogezwa, ikasogezwa tena. Shangazi hakutaka kusikia neno kuahirisha. "Tunapata muda wa kujipanga vizuri," alisema. Alishawahi kuipita njia ile na rafiki yake, kwa hiyo alituhadithia kila kipande chake: mahandaki ya Austria yasiyoisha, mashamba ya alizeti ya Serbia yanayofika hadi upeo wa macho, foleni ya mpakani ambapo watu hushuka kwenye magari na kugawana tikiti maji. Alishapanga kwamba kisiwani angepika pilau la Morogoro, na kwamba mimi ningeoga baharini asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa sababu misonobari huko inashuka mpaka majini na maji yana rangi ya kijani kama majani yake.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo halikuwa la likizo. Bibi yangu alipougua, Shangazi ndiye aliyewahi kurudi Morogoro kumuuguza. Baba alichelewa, alifika watu wameshatawanyika msibani. Jumapili moja, katikati ya mazungumzo ya hoteli ya Belgrade, akauliza ghafla, "Dada, siku zile za mwisho, mama aliniulizia?"

Nakumbuka mafuta ya maandazi yalivyosikika. Shangazi aliangalia pembeni.

"Mambo ya mama siwezi kuyasema kwenye simu," alisema. "Hayo tutaongea garini."

Ukaja ule mwaka wa pili, baridi ya Julai, na lokdauni ya mitaa yetu ikawa kali kuliko ya wengine. Hatukuruhusiwa kwenda mbali na nyumbani. Helikopta za polisi zilizunguka juu ya mabati, na wanajeshi vijana walipita wakigonga milango kuuliza kama watu wamejifungia. Baba alikuwa na kibali cha kazini. Mimi na Mama dunia yetu iliishia kwenye duka la mikate. Nadhani ndipo Shangazi alipotuonea huruma. Akasema, kama hamuwezi kutoka, basi tuanze safari, mjizoeze.

Huku Australia, kama Tanzania, usukani uko kulia. Kule uko kushoto. Baba alikuwa na hofu kwamba Ulaya atatuingiza kwenye lori. Basi Jumapili hiyo akatoka nje na mfuniko wa sufuria, akaingia kwenye Toyota yetu iliyoegeshwa, akakaa kiti cha kushoto, na kushika mfuniko kwa mikono miwili. Simu tukaibana kwenye dashibodi kwa mpira wa nywele zangu. Mimi nyuma na ramani magotini. Mama alichungulia dirishani, akatikisa kichwa. "Wenzangu waume zao wameshikwa na korona, wangu kashikwa na Ugiriki." Lakini baada ya dakika chache akatoka na maandazi yamefungwa kwenye kitambaa, akaingia akakaa kando yangu, maana safari bila chakula haendi mtu.

"Washa gari," Shangazi aliamuru. "Angalia kioo. Hapana, kioo cha upande ule mwingine! Umeshaua mtu."

Tulicheka mpaka vioo vikaingia ukungu. Jirani yetu, mama Mkongo kutoka Goma aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya wazee, alitokeza kichwa juu ya uzio, barakoa imeshuka kidevuni.

"Baba, munaenda wapi na gari yenye haina moto?"

"Ugiriki, mama."

"Mungu abariki," alisema bila kushangaa hata kidogo. "Mutusalimie batu ya huko."

Ndivyo tulivyosafiri. Kila Jumapili kipande kimoja. Nilisoma majina ya miji, Shangazi alielezea kinachoonekana dirishani, Baba alikata kona na mfuniko wake. Na ndani ya gari lile lililosimama, amini usiamini, Baba alianza kuongea. Alisimulia walivyomwibia sukari bibi yangu na kuichanganya na unga wa sembe ili kopo lisionekane limepungua. Shangazi alimsahihisha, yeye ndiye aliyepigwa, si Baba. Sikuwa nimemjua baba yangu kabla ya Serbia.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Shangazi alikuwa amefunga kitambaa kichwani kila Jumapili, na alikuwa akikaa amelipa dirisha mgongo ili uso ubaki gizani. "Wifi, umekonda," Mama alimwambia tulipokuwa tunakaribia mpaka wa Makedonia. "Unaumwa?"

"Shifti nyingi tu. Hayo tutaongea garini."

"Si tuko garini?"

Shangazi akakaza fundo la kitambaa. "Gari lenyewe," alisema.

Jumapili iliyofuata aliyepiga simu ni rafiki yake, yule Mgiriki. Aliongea na Baba kwa Kiingereza cha polepole, cha kunyooka, kama manesi wanavyoongea na ndugu wa wagonjwa. Saratani. Alikuwa nayo tangu kabla ya mipaka kufungwa. Alijua siku ile alipoleta wazo la safari. Nilikuwa nimeshika soksi za Baba mkononi, na sikujua nizikunje au niziweke chini.

Baba aliomba ruhusa ya kutoka nchini. Siku zile hata raia hakuondoka bila kibali. Akaambiwa alete barua ya daktari, akaileta, akaambiwa iwe ya Kiingereza, rafiki akaitafsirisha, akaambiwa asubiri. Sisemi yupo aliyetufanyia ubaya. Kila aliyepokea simu alikuwa mpole na alimpa pole. Baba alikuwa akiisogelea simu yake kila inapolia, hata katikati ya kazi, mpaka msimamizi wake akamwambia aende nayo popote asimwulize mtu.

Shangazi alipohamishiwa wodi ya wasioendelea na matibabu, aliomba kitu kimoja. Jumapili twende kwenye gari.

Tulienda. Jioni ilikuwa baridi na hapakuwa na gari lolote barabarani. Rafiki alimshikia simu. Shangazi alikuwa mdogo kwenye mto kama mtoto, lakini macho yalikuwa yake.

"Tuko wapi?" aliuliza.

"Tumetoka Thesaloniki," nilisoma. "Tunaenda Volos."

"Hapo bahari iko kushoto," alisema. "Kulia kuna mlima mkubwa. Juu una mawingu, unauona? Usiendeshe haraka."

"Siendeshi haraka," Baba alisema.

Alikuwa ameshika mfuniko na machozi yanadondoka juu yake, ila mikono haikuachia. Alikata kona. Akanyoosha. Tukaenda kitambo kirefu, nikisikia pumzi za Shangazi kwenye spika. Kisha Baba akasema, kwa sauti ya chini sana, bila kutoa macho mbele, "Dada. Mama aliniulizia?"

Uso wa rafiki ukaja kwenye skrini. Akaweka kidole mdomoni. Shangazi alikuwa amelala.

Hatukufika kwenye feri. Alifariki katikati ya wiki ile, na kibali kikaja tukiwa tumeshamaliza kupokea simu za pole.

Mazishi tuliyaona kwenye simu. Baba alivaa koti la suti na kukaa sebuleni wima, viatu miguuni, ingawa nyumbani kwetu viatu havivaliwi. Mchungaji aliongea Kijerumani. Baba alimsindikiza dada yake kwa lugha asiyoijua hata neno, upepo ukivuma kwenye simu ya watu. Alivumilia vizuri mpaka mwisho, Mtanzania mmoja aliyeruhusiwa kuhudhuria alipoanzisha wimbo wa kanisani kwa Kiswahili, peke yake, kwa sauti inayotetemeka. Hapo Baba aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti, na Mama akamfunika na kanga yake kama tunavyofunika mtoto.

Hakuna aliyeruhusiwa kuja kutuhani. Yule mama Mkongo alipitisha sombe, kisamvu cha kwao, na wali juu ya uzio, akabaki amesimama upande wake kwenye baridi.

"Kula kidogo, baba," alisema. "Ata kama roho inakataa. Miye niko hapa, siendi."

Na hakwenda. Tuliondoka sisi kuingia ndani kwanza.

Mipaka ilipofunguliwa Baba alikwenda Munich peke yake. Rafiki wa Shangazi alimpeleka kaburini, akampikia, na akamwambia kwamba gari liko, funguo za Skopelos ziko, kama anataka watakwenda wote. Baba alimshukuru sana, akakataa. Alimuuliza pia kama dada yake aliwahi kumsimulia chochote kuhusu siku za mwisho za mama yao. Yule rafiki alifikiri kwa muda mrefu, kwa wema, kisha akasema hapana. Basi. Jambo hilo walilijua watu wawili, na wote wawili wako ardhini, mmoja Morogoro, mmoja Ujerumani.

Baada ya hapo tulihamia Minto, karibu na ghala. Jumapili jioni sasa Mama hakaangi tena maandazi. Tunanunua chakula, kila mtu na simu yake. Baba anaendesha gari vizuri tu, anaongea inapobidi. Mimi nimekua, na mara nyingi najiuliza ni nini hasa kilichotutoka. Si kisiwa. Kisiwa bado kipo, na huenda siku moja nikakiona.

Sijakuambia bado kwamba Shangazi hakuwahi kumwita Baba kwa jina lake. Mama anamwita kwa jina langu, baba fulani. Kazini wamelifupisha jina lake likawa la Kizungu. Shangazi peke yake alimwita Kibonge, kwa sababu alizaliwa mnene, huyu huyu ambaye leo mkanda wake umeongezwa matundu kwa kukonda. Mwaka jana mezani, kwa utani, nikamwambia, "Kibonge, nipitishie chumvi."

Aliinua kichwa haraka sana, akatazama mlangoni. Kisha akaniona ni mimi. Akatabasamu, akanisogezea chumvi, na tukaendelea kula.