Injini Iliyokunywa Oili Yake

Damascène Kabera alizaliwa katika vilima vya Ngungu, kwenye ukoo ambao mtu mwenye ng'ombe watatu tu husimulia habari zao kama za ndugu zake wa tumbo moja. Hakuna aliyedhani angeishia mtoni. Lakini mwaka 1951 malisho yalikuwa yamebanwa na mashamba ya Wazungu, na kijana mwenye mke mpya hawezi kukaa bure. Akashuka Walikale, kwenye joto na mbu, akapata kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa mto Lowa aliyekuwa na boti ya kubebea mawese na mchele. Mkewe Béata alibaki Ngungu kwa baba yake, Sebarenzi, mpaka mume apate nyumba.

Boti ile ilikuwa na injini kuukuu ya dizeli. Haikuwa na gia: injini ikizunguka, pangaboi la kusukuma maji nalo linazunguka, boti inakwenda. Ukitaka kusimama unafunga bomba la dizeli mapema, injini inazimika, boti inateleza yenyewe mpaka gatini. Fundi Callixte alimfundisha hayo yote asubuhi moja, akamwonyesha na kijiti cha chuma cha kupimia oili, chenye alama mbili, kisha akapanda lori akaenda zake. Na fundi huyo naye! Alisema oili isishuke chini ya alama ya chini. Ile ya juu hakuisemea neno, na Damascène hakuuliza.

Aulize nini? Kwao ng'ombe akipelekwa kwenye maji ya chumvi hafukuzwi. Anakunywa mpaka ainue kichwa mwenyewe, na mchungaji anayemwondoa mapema anachekwa kilima kizima kwa uchoyo. Basi Damascène, aliyeipenda injini ile kama mtu anavyompenda mnyama mgonjwa, aliona haya kuishia kwenye alama. Kila asubuhi aliiongezea kidogo. Ilitoa moshi wa buluu, naye akafurahi akidhani imeshiba.

Juni 1953 habari ikamfikia kwamba Béata yuko njiani. Nyumba ilikuwa tayari, na kitanda alikuwa amekichonga mwenyewe. Miaka miwili hakuwa ameuona uso wa mkewe. Asubuhi ya siku aliyotarajiwa kufika, Damascène alikuwa na shehena ya mawese ya kufuata, na alitaka kurudi mapema bila injini kumsumbua. Akajaza dizeli. Kwenye oili akafungua mkono kabisa, akamimina mkebe mzima.

Alirudi saa nane mchana. Mtumbwi ulikuwa unavuka kutoka ng'ambo, upande ambao malori hushusha watu. Nyuma alisimama mpiga kasia, na katikati aliketi mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani. Damascène alimtambua kwa mabega tu. Akafunga bomba la dizeli kama siku zote.

Injini haikuzimika. Ilipunguza sauti kidogo, kisha ikapiga kelele ambayo hakuwahi kuisikia, na moshi mzito ukafunika nyuma ya boti. Akalifunga tena bomba ambalo lilikuwa limekwisha kufungwa. Akang'oa mpira wa dizeli kwa mikono yake. Hakuna hata tone lililokuwa linapita, na bado injini ilizidi kwenda mbio. Akavuta usukani, lakini boti iliyojaa shehena haigeuki upesi. Iliugonga mtumbwi katikati, ikaenda kukwama kwenye tope la ukingo, na hapo ndipo injini ilipokufa.

Mpiga kasia aliogelea akapona. Béata, mtoto wa milimani, hakujua kuogelea. Walimpata siku ya pili.

Ofisi ya serikali iliandika kwamba injini ilikuwa mbovu na hakuna mwenye kosa. Mtu mwingine angeipokea karatasi ile kwa mikono miwili akanyamaza. Damascène hakuweza. Alimwuliza tajiri mwenye boti, akamwuliza padri, akawauliza wavuvi: kama dizeli ilifungwa, injini ilikuwa inakula nini? Wavuvi walimwambia ni pepo wa mto, na karibu akubali, kwa maana hilo lingemwacha apumue. Baada ya mwezi mmoja Callixte alikuja kuifungua injini.

"Mafuta yake yenyewe," fundi alisema. "Oili ikizidi mu tumbo ya motere, inapanda juu, inaungua sawa mazutu, ile dizeli yako. Na ile oili haiko na robine, bomba ya kufunga. Unafunika tu pale inavutia hewa, na kibao ao na nguo, izimike." Akainua kile kijiti. "Ulikuwa unatia mpaka wapi?"

Damascène akaweka kidole juu, mbali na alama zote mbili. Callixte alikitazama kidole kile, akaketi chini taratibu.

"Alama ya juu, mimi njo sikukuambia," alisema.

Lakini maneno hayo hayakumsaidia Damascène hata kidogo. Alifunga mzigo wake na kupanda Ngungu kwa miguu, siku tano. Sebarenzi alimpokea nje, mbele ya nyumba. Damascène hakukubali kiti.

"Papa, karatasi inasema ni mashine. Hapana. Ni mimi. Niliinywesha oili kupita kiasi. Nilikuwa na furaha juu Béata anakuja."

Mzee hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige.

"Ule mupiga kasia alipona," akasema. "Hawakuona boti inakuja? Juu ya nini hawakukimbia?"

Hilo Damascène alikuwa ameapa kulificha. Mpiga kasia alikuwa amemnong'oneza siku ya mazishi, na tangu siku hiyo hakuwa amelitamka kwa mtu. Machozi yalimshuka, hakuyafuta.

"Waliiona, Papa. Mupiga kasia alitaka kurudi nyuma. Béata akamukataza. Alimuambia: 'Usiogope, kaka. Ule njo bwana yangu. Anajua ile mashine, atasimama.'"

Sebarenzi aliinuka aende kumwambia maneno hayo mkewe, Nyirabagenzi, aliyekuwa ndani. Alifika mlangoni, akashindwa kuingia, akarudi akaketi chini karibu na miguu ya mkwe wake.