Kata ya Kwanza

Kuanzia kwetu Kasansa hadi Sitalike hakuna mwanamke aliyepika wanzuki, pombe ya asali, kumshinda mama yangu, na asiyekubali aje tubishane. Miaka ile ya sabini, watu waliacha palizi ya mpunga wakisikia tu kwamba mama amenunua asali.

Kwetu pombe hainywewi mpaka aliyeipika amalize kata ya kwanza mbele ya wageni, ndipo waamini haina sumu wala mkono wa mtu. Kwa hiyo mama alikunywa kila alipopika. Ugonjwa wa sukari ulipomkuta alimeza vidonge, lakini kata hakuiacha.

"Siumwi mie," alisema. "Nalima, natwanga, natembea."

Na kweli, kwa jembe alinishinda.

Siku moja nilimsindikiza hospitali Mpanda. Daktari alitia mkojo wake katika kichupa chembamba cha kioo, akaupasha moto, akadondoshea dawa. Ulikuwa mwangavu, ukageuka mweupe kama maji yaliyooshewa mchele.

"Mama, figo ni chujio," alisema daktari. "Huu weupe ni protini, ilipaswa kubaki mwilini. Sukari imeanza kulitoboa chujio lako."

"Mbona sisikii maumivu?"

"Huwezi kuyasikia sasa. Ukiyangoja, figo zitakuwa zimekwisha. Ukishusha sukari, ukaangalia na presha, zinaweza kukufikisha mbali."

Mama alikitazama kile kichupa muda mrefu. Mtu aliyechuja wanzuki maisha yake yote haelezwi mara mbili maana ya chujio lililotoboka. Tulipofika nyumbani alisema kata ameiacha.

Kusema ni rahisi. Muda si mrefu mdogo wangu aliolewa na ukoo wa wafugaji waliohamia kwetu na ng'ombe wao. Mama aliwapikia mtungi mkubwa. Wakwe walipokaa, mjomba wa bwana harusi akamsukumia mama kata iliyojaa.

"Mama mkwe, tunakusubiri wewe."

Akinywa, anajimaliza mwenyewe. Akikataa, harusi imeingia aibu, na jina lake la upishi limekwisha.

Mama akasimama, kitenge kimemkaa sawasawa.

"Nyie wakwe zangu, mimi nina sukari, na figo zangu zimeanza kuvuja. Mnataka nihakikishe pombe hii haiui. Mimi itaniua. Ataonja huyu niliyemzaa. Kama nimetia sumu, nitaanza kumzika wangu."

Akanikabidhi kata. Niliinywa yote, macho yao yote yako kooni mwangu. Sijawahi kujivunia kuwa mtoto wa mtu kama saa ile. Mjomba akacheka, akapiga magoti kupokea yake.

Tangu hapo mimi ndiye niliyeonja. Kila tuliporudi Mpanda nilikikodolea macho kile kichupa. Weupe haukuisha, ila haukuongezeka. Dada yake mama, mwenye sukari hiyohiyo, aliendelea kusema haumwi mpaka alipovimba uso na miguu, nasi tukamzika. Mama alimlilia, akarudi kwenye vidonge vyake na uji usiotiwa kitu.

Alifika hadi harusi ya binti yangu, na wanzuki akaipika mwenyewe, mzee wa mvi, amenyooka. Nilipoinua kata mbele ya wakwe, alinisogelea sikioni.

"Usibakize hata tone," alisema. "Wananiangalia mimi."