Mama Majani na Mbuzi wa Duara

Mwezi uliopita nilikuwa Chato, kwenye harusi ya binti wa mjomba wangu. Sahani yangu ilikuwa na wali, maharage, kabichi na kachumbari, nami nilikuwa nakula kwa raha zangu mpaka shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi alipoichungulia.

"Nyama hukuiona, mama, au umechoka foleni?"

Nikamwambia mimi sili nyama. Meza nzima ikageuka kunitazama kama niliyetangaza msiba. Kijana mmoja mwenye suti akasema anawajua watu wa namna yangu, amewaona kwenye simu, wale wa yoga, wanaoiga Wazungu. Wakacheka. Nikaweka kijiko chini, nikamjibu kwamba sikuiga kwa Mzungu yeyote. Haya nimelelewa nayo machimboni Nyarugusu, na mama yangu alikuwa akiyafanya kabla yeye kijana hajajua kushika simu. Waliitikia kwa vichwa, kwa adabu tu. Niliona hawakuniamini. Wewe kaa, nikusimulie vizuri kuliko nilivyowasimulia wao, maana pale muziki ulikuwa mkubwa na mimi nilikuwa na hasira.

Mama alikuwa mzaliwa wa Ushetu. Nilipokuwa mdogo sana alifanya kazi za ndani Shinyanga mjini, kwa bibi mmoja wa Kihindi, mjane, aliyekuwa akinunua dengu na choroko kutoka kwa wakulima. Bibi yule hakula nyama, wala samaki, wala yai. Kila alfajiri alitandika mkeka barazani, akainama, akajinyoosha, kisha akakunja miguu na kukaa kimya akivuta pumzi taratibu. Mama alikuwa akideki huku akimwangalia kwa pembe ya jicho. Siku moja bibi akamwambia, "Acha hilo tambara, njoo ukae." Baba alikuwa amefariki mwaka ule ule. Mama alisema alipokaa kimya mara ya kwanza alilia mpaka kanga ikalowa, na alipoinuka alikuwa mwepesi kama mtu aliyetua kuni.

Hakubadili dini, maana najua hilo ndilo watu huuliza kwanza. Jumapili aliimba kwaya kama kawaida. "Mungu hakuhama," alikuwa akiniambia. "Mimi ndiye niliyekuwa situlii nikamsikia." Nyama aliiacha mwenyewe, polepole, hakuna aliyemlazimisha. Na bibi yule alipofunga biashara yake na kuhamia kwa wanawe Dar es Salaam, mama akanibeba mimi na sufuria zake, tukaenda Nyarugusu kutafuta riziki.

Ungefika Nyarugusu ya siku zile ungeisikia kabla ya kuiona. Makarasha yalisaga mawe kutwa nzima, grrr, grrr, mpaka ukizungumza na mtu unapiga kelele bila kujua. Vumbi lilikaa kwenye kope. Mabanda ya chakula yalipangana kando ya njia iendayo kwenye maduara, yaani yale mashimo ya dhahabu, na kila banda lilinukia utumbo, mishikaki au samaki wa kukaanga. Banda la mwisho lilikuwa letu. Lenyewe lilinukia vitunguu vinavyokaangwa na bizari.

Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuchambua dengu. Nilizimwaga kwenye ungo, nikatoa mawe moja moja, mama akazipeta na kuziloweka. Asubuhi zilikuwa zimevimba na ngozi imelainika. Alizichemsha kwenye mafiga hadi zikapondeka kwa kijiko, kisha pembeni akakaanga vitunguu, tangawizi na bizari nyembamba, na akimwaga yale mafuta ya moto juu ya dengu yalipiga ukelele wa "shaa!" uliotufanya wote tumeze mate. Siku nyingine alipika nsansa, yale majani ya kunde tunayoyakausha juani, akayaunga kwa karanga nilizotwanga mimi. Kulikuwa na mlenda na ugali wa mtama, kulikuwa na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa laini na kuliwa na maziwa mgando. Chakula cha nyumbani kabisa. Isipokuwa zile bizari za bibi wa Shinyanga, hakuna kitu pale ambacho nyanya zetu hawakukijua.

Wachimbaji walimwita Mama Majani. Walikuja kwanza kwa kucheka, wakarudi kwa sababu tumbo halikuwauma. Mama hakumhubiria mtu. Mchimbaji akimwuliza, "Nyama leo vipi?" alijibu, "Nyama iko kwa jirani, na ni nzuri," akamwelekeza banda la mama muuza utumbo aliyekuwa karibu yetu. Jirani huyo naye hakumwelewa mama hata kidogo, lakini mtu anayekuletea wateja utamchukiaje?

Na kila alfajiri, nyuma ya banda, mama alitandika mkeka.

Wa kwanza kuungana naye alikuwa mzee mmoja mchimbaji, mtu mrefu aliyepinda mgongo kwa miaka mingi ya kutambaa chini ya ardhi, mwenye kikohozi kikavu. Alimkuta mama amejinyoosha, akauliza ni ugonjwa gani. Mama akamwambia, "Hii ni yoga, baba." Mzee akasikia uyoga. Akaenda kuwaambia wenzake kwamba Mama Majani ana uyoga wa kutibu mgongo. Kesho yake walikuja watatu na bakuli mkononi! Mama alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akawatandikia viroba, akawafundisha kulala chali na kupumua kwa tumbo. Toka siku hiyo jina likawa hilo. "Twende kwenye uyoga," walisema, na wiki chache baadaye walikuwa sita au saba, wanaume wenye matope makavu miguuni, wanainua mikono juu kabla ya kushuka shimoni. Mzee alisema kikohozi kiko palepale lakini usingizi umerudi. Mimi nilikaa katikati yao na sare yangu ya shule, nikijiona mkubwa.

Sasa palikuwa na mwenye duara mmoja, tajiri wa pale, ambaye shimo lake lilikuwa limekataa. Wiki kwa wiki mawe yanapanda, dhahabu hakuna. Akaenda kwa mganga. Mganga akamwambia alete mbuzi mweusi, achinjwe mdomoni mwa duara na kila mtu wa pale amle. Akaongeza neno moja: kuna mwanamke anayefumba macho alfajiri na hagusi nyama. Huyo ndiye anayeifunga dhahabu.

Alikuja mchana, wakati banda limejaa. Nyuma yake vijana wawili wanamvuta mbuzi kwa kamba. Mama alimwamkia, "Shikamoo, baba." Hakuitikia.

"Wewe mama, mbuzi huyu utampika wewe," alisema. "Na ini utalila wewe wa kwanza, watu wote wakiona."

Mama alikuwa ameshika mwiko. Akaufuta kwa kitambaa, akauweka juu ya sufuria.

"Mbuzi ni wako, baba, na anayetaka kumla amle. Mimi sitampika wala sitamla."

"Kwa nini? Unaogopa nini kwenye nyama?"

"Siogopi. Nimeacha."

"Anayekataa kula na watu ana lake moyoni."

"Hawa wanaokula hapa ni nani," mama akamjibu, "kama si watu?"

Hapo mtu mmoja nyuma alitamka lile neno. Mchawi. Hakupaza sauti, lakini vijiko vilisimama. Wewe uliyekulia kwetu unajua neno hilo likimwangukia mwanamke asiye na mume linaweza kuishia kwenye panga. Mimi nilikuwa na miaka tisa tu na nilijua. Mwenye duara akasema, "Kesho asubuhi nisikukute hapa," akaondoka na mbuzi wake.

Watu walimaliza kula haraka, wakatawanyika. Jirani muuza utumbo akaja mikono kiunoni, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, fungasha. Nenda kwenu Ushetu. Na kama hutaki kwenda, basi tafuna hata kipande kimoja, utatema baadaye, nani atajua?"

"Mimi nitajua," mama alisema.

Nilimwomba na mimi. Nikamwambia, mama, kula tu, ni ini tu. Alinivuta kwapani mwake. Alinukia moshi na tangawizi. Hakunikemea. Alisema, "Mwanangu, leo ni ini. Nikilila, kesho wataniambia nini kingine?" Kisha tukaenda kuchota maji kama siku zote.

Kulipopambazuka nilimwona anakunja mkeka badala ya kuutandika. Nikafurahi, nikajua tunahama. Kumbe alikuwa anauhamisha. Alitoka nao nyuma ya banda, akavuka njia, akautandika katikati ya uwanja ambapo wachimbaji wote hupita wakienda kazini.

"Anayejificha ndiye anayeogopwa," alisema. "Leo watuone."

Tukakaa, mimi na yeye, tumekunja miguu. Nilifumba macho lakini sikupumua kwa tumbo wala kwa kifua. Nikasikia hatua zinakuja, zinasimama. Minong'ono. Halafu kikohozi kikavu, na kiroba kikatandikwa upande wangu wa kulia. "Mwangaluka, mayu," mzee akaamkia, kama asubuhi yoyote ile. Kikatandikwa kingine. Na kingine. Nilifumbua jicho moja nikamwona jirani muuza utumbo anakuja na aproni yake yenye mafuta. Akajitupa chini mbele yetu, miguu kaisukuma mbele, akasema kwa sauti, "Mimi huko kupumua kwenu sikujui. Lakini nimekaa."

Mwenye duara alipofika alikuta nusu ya watu wa shimo lake wako chini, wamefumba macho. Alikuwa na vijana wake wawili, na mmoja alishika panga, lakini nalo lilining'inia tu mkononi kama kitu alichosahau kukiacha nyumbani.

"Nyie! Kazini!" akafoka.

Mzee mchimbaji hakufumbua macho. "Tukimaliza kupumua, bosi."

Mtu akacheka. Kisha mwingine, na kicheko kikasambaa uwanja mzima, na mimi nakwambia, hofu yangu yote ilitoka na kicheko kile. Mama peke yake hakucheka. Alimaliza pumzi zake, akainuka, akajifunga kanga vizuri, akamwendea. "Shikamoo, baba. Dengu ziko tayari. Karibu."

Hakula. Sitakudanganya kwamba alikula akabadilika, maana hakubadilika. Alimchinja mbuzi wake siku ile ile, wakamla, na shimo halikutoa kitu. Siku chache baadaye tulirudi kutoka kanisani tukakuta mabati ya banda letu yamebomolewa, na chungu cha kupikia kimepasuliwa. Hakuna aliyeona aliyefanya. Mama aliokota mafiga, akayapanga upya, akapika chini ya anga tupu mpaka mvua zilipoanza, na mvua zilipoanza wachimbaji wakamfungia turubai. Mwenye duara alihama msimu uliofuata kwenda kutafuta kwingine. Sisi tulikaa miaka mingine mitano, na hakuna aliyeleta tena neno la ini.

Baadaye eneo lile likapata mmiliki mwenye leseni, sisi wa mabanda tukaambiwa tuondoke. Mama alirudi Ushetu. Ndugu zake wote walikuwa wanalima tumbaku. Yeye akapanda choroko, wakamcheka, akaendelea kupanda. Alifariki akiwa mzee, kitandani mwake, nami nimemshika mkono. Kuna wanawake wenzake aliokuwa akikaa nao zamani walioitwa wachawi, ambao hawakupata kufa hivyo. Kila nikilikumbuka hilo nashukuru, na ninakasirika upya.

Nilipotoka Chato baada ya ile harusi sikwenda moja kwa moja nyumbani Geita. Nilipitia Nyarugusu. Nilikuta uzio mrefu wa mabati na lango, na ndani yake mashine kubwa zinachimba pale ulipokuwa uwanja. Mzee wa kikohozi alishakufa zamani, kifua kilimmaliza. Jirani muuza utumbo aliondoka, hakuna anayejua alikoelekea. Kuhusu banda la mwisho niliwauliza watu wanne, na wote wanne walikuwa wageni wa juzi.

Mlinzi alitoka kibandani. "Shikamoo, mama. Unatafuta nini?"

"Marahaba, mwanangu. Natafuta mahali mama yangu alipokataa kula mbuzi."

Alinitazama, akatazama mabati, akanitazama tena. Akaangua kicheko.

Nikamwacha acheke. Akimaliza, nikafikiri, huenda ataniuliza kwa nini alikataa, na mimi sina haraka. Sikujitetea wala sikuondoka. Nilisimama palepale langoni, jua likinichoma utosi, nikimsubiri amalize.