Jina la Mama Mkwe Wangu

Sijui kukaa kitako nikingoja jambo. Asubuhi ile katika ofisi ya vitambulisho mjini Embu niliinuka kwenye benchi mara nyingi, hata askari wa mlangoni akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nimewaleta watoto wawili, binti yangu na mwana wa kaka yangu. Wote walikuwa wametimiza miaka kumi na minane, wote walilelewa Manyatta katika boma moja, na wote walizaliwa nje ya Kenya. Mvulana alizaliwa Kampala, kaka alikooa Mganda. Binti yangu alizaliwa Moshi, nilikoolewa mimi, nikarudi nyumbani mjane mtoto angali ananyonya.

Mvulana alichukuliwa alama za vidole kabla ya chai ya saa nne. Zamu ya binti yangu ilipofika, karani alilisoma jina lake mara mbili.

"Hii jina ni ya wapi, mama?"

"Ni ya mama mkwe wangu, wa Moshi."

Nilijibu kwa maringo, mjinga mimi. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, nami niliifuata desturi hiyo hata ugenini. Mama yangu alikuwa akimtania mjukuu wake kwa kumwita mkwe, akimpisha kiti kizuri. Sasa jina hilohilo lilimfanya karani afungue faili upya.

"Baba ni Mtanzania," akasema. "Mtoto anafuata baba."

"Na huyu mwingine? Mama yake si Mganda?"

"Lakini baba ni Mkenya. Mimi sikuandika katiba, mama. Muombee uraia, ama umrudishe kwao."

Kwao. Neno hilo lilinichoma. Tanzania ingempokea, sikatai, lakini mama mkwe alikuwa amekufa na hapakubaki mtu wa kumfungulia mlango. Na hapa chuo cha ualimu kilikuwa kimemwita, kikitaka nambari ya kitambulisho.

Nilijaza fomu. Nikaambiwa faili iko Nairobi, nikaenda Nairobi nikaambiwa iko Embu. Nilipayuka kwenye ofisi zote mbili, na sijutii. Chuo hakikusubiri. Binti yangu akaenda kwa dada yangu Meru, akawa anauza viazi katika soko la Gakoromone, na kila nilipomwona ameinama kwenye magunia nilikasirika, mara na serikali, mara na marehemu mume wangu, mara na nafsi yangu.

Rasimu ya katiba mpya ilipogawiwa sokoni, niliisoma nimesimama. Nilipekua kurasa hadi nikapata nilichotafuta: mama au baba akiwa Mkenya, mtoto ni Mkenya, popote alipozaliwa. Kanisani tulihimizwa tuikatae. Niliitikia amina pamoja na wenzangu, kisha nikaenda kuipigia kura ya ndiyo.

Mpwa wangu naye alipiga, akatoka na wino kidoleni. Binti yangu, ambaye kura hiyo ilikuwa yake kuliko ya mtu yeyote, alisimama nje ya ua wa shule akinishikia kikapu.

Katiba ilipita. Mlolongo wa fomu haukuisha siku hiyo, lakini mwishowe tuliitwa tena Embu, kwa karani yuleyule, kichwa chake sasa kikiwa na mvi.

"Hii jina ni ya wapi?"

Nilifungua kinywa, lakini binti yangu akaniwahi.

"Ni ya hapa," akasema. "Nilipewa na mama yangu."

Karani alimtazama, akanitazama, akaandika. Kisha akavuta kidau cha wino.

"Mama, kaa sasa," binti yangu aliniambia baadaye, akipangusa vidole. "Imeisha."

Sikukaa. Dirishani palikuwa na wasichana waliovaa sare ya chuo cha ualimu, wadogo wote kuliko yeye, na nilimwona akiwatazama.