Fundi vioo aliyetia chumvi kwenye bustani ya maji

Samaki anakufa. Amelala ubavu karibu na kioo, mapezi yamebana, na mwili wake wote una vidoa vyeupe kana kwamba amenyunyiziwa unga wa muhogo. Jana vidoa vilikuwa mkiani tu. Leo hata jicho lina kimoja.

Liévin Ukumu, fundi vioo mwenye umri wa miaka arobaini na minane, amepiga goti mbele ya tangi katika sebule ya Mama Kavira, muuza vitenge wa hapa Bunia, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Mkono umezama majini hadi kiwiko.

"Maji yamepoa," anasema, akitazama waya wa umeme. "Courant ilikatika?"

"Toka juzi. Si weye uliniambia ile samaki iko nguvu?"

"Iko nguvu. Hata mutu ya nguvu anashikwa na malaria, mama."

Mama Kavira hacheki. Samaki huyo bapa, wa rangi ya fedha na mistari myeusi, aliletwa kutoka Kampala ndani ya mfuko wa nailoni. Nyumba nzima inamwita Patron, yaani bosi. "Akikufa, ubebe kioo yako," anasema mama. "Nitaweka televisheni pale."

Liévin anajua maana yake. Anahudumia matangi ya nyumba tano mjini, na nne kati ya hizo zilimwita baada ya wenyewe kuketi katika sebule hii. Tangi hili likitoka, jina lake linatoka nalo.

Alizaliwa upande wa Mahagi, mwambao wa Ziwa Albert, akaacha shule darasa la tano ili avute nyavu na baba yake. Bunia alifika kijana, akajifunza kukata vioo vya madirisha. Mabaki ya vioo ndiyo yaliyomtia wazo la matangi ya samaki. Tangi lake la kwanza lilivuja likalowesha zulia la mtu. La pili halikuvuja.

Kinachomtofautisha na wengine ni bustani. Hushuka Tchomia, kando ya ziwa, akang'oa majani ya ziwani, mengine marefu kama utepe, mengine laini kama manyoya ya kifaranga, akayapandisha Bunia kwa pikipiki ndani ya bidoni, dumu la plastiki. Chini ya tangi huweka udongo, juu yake mchanga.

"Benye kuweka maua ya plastiki banakosea," anasema. "Samaki anaikala mule kama mufungwa."

Ana sharti moja: majani mapya hukaa kwanza ndani ya ndoo, peke yake, majuma kadhaa, ili uchafu wa ziwa ufie humo. Safari hii hakulifuata. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Butembo na mbuzi wa mahari ya Christella, binti wa Mama Kavira, na mama alitaka tangi lisitawi kabla hawajaketi. Majani yalitoka kwenye bidoni yakaingia kwenye tangi mchana uleule.

"Courant peke yake haingeleta hii," Liévin anasema bila kuzunguka. "Mimi njo nilileta ugonjwa. Baridi ilisaidia tu."

Umeme uliporudi jioni ile, alijaribu kwanza kumtenga Patron ndani ya beseni. Lakini rezistansi ya kupasha maji iko moja tu, ndani ya tangi, na usiku wa Bunia una baridi. Asubuhi samaki alikuwa hoi kuliko mwanzo, na vidoa vimeshaanza kwa samaki wadogo waliobaki tangini. Ikabaki dawa anayoiamini: chumvi na joto, humohumo ndani ya tangi. Samaki watavumilia. Majani hayatavumilia. Kuyang'oa nako ni kuchafua udongo wote wa chini, na samaki mgonjwa hawezi kupumua matope.

"Utatia chumvi kisha bakwe kurudi," Mama Kavira anaamua; hataki wakwe wakute bustani imekufa.

"Kisha bakwe kurudi utazika."

"Unaniongelea vile ndani ya nyumba yangu?"

"Ndiyo, mama. Ukipenda majani, sema. Ukipenda samaki, sema. Vyote viwili sina."

Christella, ambaye ndiye humlisha Patron kila asubuhi, anaingia na kopo la chumvi kutoka jikoni. Hamwangalii mama yake. "Bakwe banakuja kuniona mimi," anasema, "habakuje kuona majani."

Mama anapokea kopo, anamkabidhi Liévin. Kisha anamtuma mtu akaazime betri ya sola kwa jirani, ili rezistansi isizimike tena.

Siku ya mahari majani yameiva kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Maji yana rangi ya chai. Alphonse, msemaji wa wakwe, anakunja shingo mbele ya kioo.

"Mama Kavira, hii ni supu? Siye tumeleta mbuzi, usijisumbue na samaki."

Sebule nzima inacheka. Mama Kavira anamjibu akiwa amekaa: "Ni mugonjwa wetu, tunamuuguza. Na muke munakuja kuchukua, akigonjwa, mutamutupa inje?"

Alphonse anaketi. Mazungumzo ya mbuzi yanaanza.

Patron anakula sasa. Vidoa vimeondoka, na anakuja kiooni akiona mkono wa Christella. Liévin amenunua ndoo mpya yenye kifuniko, na anapanga kuchimba kidimbwi nyuma ya kibanda chake, apande majani yake mwenyewe asitegemee ziwa.

Hesabu ya hasara anaitoa bila kuombwa. Samaki wadogo wawili. Konokono wote wa tangini. Bidoni mbili za majani ya Tchomia, hakubaki hata jani moja. Jicho moja la Patron, ambalo halioni tena. Na nyumba moja kati ya tano, iliyosikia habari ya supu ikamwambia asirudi.