Moto wa Nyumba Kumi na Moja

Moshi wa kuni mbichi hauniachi. Nikikutana nao mahali popote, hata leo, hata nikiwa ndani ya gari na madirisha yamefungwa, macho huanza kuniwasha kabla pua haijatambua ni nini, na mara moja niko Kihuruko, nina miaka tisa, nimebeba makaa ya moto kwenye kigae na ninatembea upesi kwa sababu kigae kinaniunguza vidole. Wajukuu wangu husema moshi unanuka. Mimi sijui kama unanuka. Ulikuwa kwenye gauni langu, kwenye blanketi, kwenye nywele za mama, hadi kwenye uji tuliokunywa. Asubuhi za Julai, ukungu ulipotelemka kutoka Mlimani na kukaa juu ya mapaa mpaka saa nne, hukuweza kujua ukungu unaishia wapi na moshi unaanzia wapi. Ulichojua ni kwamba nyumba inayofuka ina mtu ndani, na ile isiyofuka haina.

Kihuruko haikuwa mji. Haikuwa hata kijiji cha kupendwa na mtu. Ilikuwa safu mbili za nyumba za nyasi kwenye mteremko ulio juu ya Nyeri, safu ya juu na safu ya chini, zilizojengwa kwa haraka wakati wa Hali ya Hatari, vita vya kupigania uhuru, watu walipotolewa makwao kwa nguvu na kurundikwa nyuma ya handaki ili askari wawachunge. Vita vilipokwisha na mashamba yakapimwa upya, wenye mashamba walirudi kwao, wakaacha nyumba zao za kijijini milango imefungwa kwa kamba. Tuliobaki ni sisi tusiokuwa na pa kurudi. Baba yangu alichukuliwa kizuizini na hakurudi. Siku mashamba yalipopimwa hakuwepo wa kunyoosha kidole na kusema letu ni lipi, na mjane mwenye msichana mmoja hakuulizwa chochote. Kisha bendera yetu ikapandishwa, tukacheza mpaka miguu ikavimba, na haukupita muda tukaambiwa kwamba vijiji vile vya Hatari vitavunjwa na kila mtu arudi kwao. Kwao wapi? Mama aliliuliza swali hilo kwenye baraza la chifu, amesimama wima katikati ya wanaume walioketi, na tangu siku hiyo akawa kiongozi wetu bila kuchaguliwa na mtu.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja: Kihuruko iandikwe kuwa mji. Ikiandikwa, kila jina lililo kwenye orodha lingepewa ploti yenye namba, na mwenye ploti hafukuzwi na mtu. Kila Alhamisi aliteremka Nyeri kwa miguu, viatu vyake vya pekee vikiwa ndani ya kikapu. Alivivaa kwenye daraja la kuingilia mjini, na wakati wa kurudi akavivua pale pale, akavipangusa, akavirudisha kikapuni. Soli za viatu hivyo zilikuwa safi kama za dukani mpaka siku tuliyohama. Barua aliziandika kwa mkono wangu, mimi ndiye niliyekuwa nikisoma darasa la tatu, na wanawake wa Kihuruko wakazitia dole gumba mmoja mmoja. Akifika mbele ya Ofisa wa Wilaya alitumia Kiswahili alichookota kwenye mashamba ya wazungu. “Bwana Ofisa,” alimwambia, “sisi iko watu. Sisi hapana ng’ombe ya kufukuzwa.” Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini, nimesahihisha insha hadi macho yakachakaa, na sijapata kusikia sentensi iliyosimama imara kuliko hiyo.

Mwaka wa pili Ofisa alichoka naye, au labda alimwonea huruma, sijui. Alimwambia kuwa mji ni watu. Angekuja na karani wake kuhesabu, na wakikuta nyumba mia moja zinazokaliwa angepeleka majina kwa wakubwa. Zikipungua, trekta lingekuja. Jioni hiyo mama na Mama Njeri, rafiki yake wa kufa na kuzikana aliyekaa safu ya juu, walizunguka kijiji kizima wakitia kikapuni punje moja ya mahindi kwa kila nyumba yenye watu. Punje zikawa themanini na tisa. Wakarudia, zikawa themanini na tisa. Zilizopungua zilikuwa kumi na moja, na nyumba kumi na moja za wale waliorudi mashambani zilikuwa zimesimama pale pale kwenye safu ya chini, tupu, zimejaa utando wa buibui. Sikumbuki nani alilitamka wazo lile kwanza. Namkumbuka Mama Njeri akicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Mama angemtembeza Ofisa safu ya juu, kwenye nyumba za watu wa kweli, na kumchosha kwa maneno, kazi aliyoiweza. Karani angepita safu ya chini. Katika kila nyumba tupu kungekuwa na moto unaowaka na mtoto wa kusema kwamba baba na mama wameenda shamba. Jina lingetajwa la mwenye nyumba halisi, kwa kuwa karani alikuwa na orodha ya zamani ya askari na asingedanganyika. Siku hizo hatukupoteza kiberiti ovyo. Moto uliombwa: unaenda kwa jirani na kigae, unapewa kaa moja au mawili, unarudi ukipuliza. Kwa hiyo moto wa nyumba zote kumi na moja ungetoka mafigani kwetu, na wa kuugawa nilikuwa mimi. Mimi nilipangiwa nyumba ya Baba Karanja, mmoja wa wale waliorudi mashambani. Mama alinishika mabega. “Wambui, leo wewe si mtoto wangu. Wewe ni mtoto wa Baba Karanja. Ukishawasha zote, kaa kwake, usitoke na usiseme neno la ziada mpaka karani amalize. Hata mvua ya mawe ikinyesha. Umenisikia?” Nilikuwa nimesikia. Na nyumba yetu wenyewe, iliyokuwa ya mwisho kwenye safu hiyo ya chini? Ngai wangu, hakuna aliyeifikiria. Ilikuwa nyumba ya kiongozi, nani asiyeijua?

Siku yenyewe kulikuwa na manyunyu na kila kitu kilikuwa kibichi. Niliowagawia makaa mawili walirudi kuomba mengine, kuni zao zimegoma. Nilikimbia juu na chini na kigae changu, nimejaa masizi, najiona mtu mkubwa sana, kwa sababu kila nilipotoka kwenye nyumba moshi ulianza kupenya nyasi za paa nyuma yangu. Ya Baba Karanja ilikuwa ya kumi na moja, na mafiga yake yalikuwa yamelowa kwa maji ya paa linalovuja. Nilipochota kwetu mara ya mwisho niliona pamebaki majivu na kijiti kimoja chekundu. Nikajiambia nitarudi kutia kuni. Mara mbwa wakaanza kubweka huko juu, nikajua wamefika, nikakimbia na moto wangu.

Karani alikuwa kijana mgeni, ametoka Nyeri na suruali iliyopigwa pasi. Nyumba aliyoikuta na moto aliiandika namba mlangoni kwa chaki. Ile isiyo na moto alikusudia kuichora msalaba. Aliinama akaingia nilipokuwa, akakohoa.

“Hii nyumba ni ya nani?”

“Ya Baba Karanja.”

“Yeye ako wapi?”

“Ameenda shamba.”

“Na wewe?”

“Mimi ni mtoto wake.”

Aliandika, akanigusa kichwa, akatoka. Nilisimama mlangoni nikimfuata kwa macho, na hapo ndipo nilipoona paa letu. Halikuwa likifuka. Karani alibisha, akasukuma mlango, akaingiza kichwa, akakitoa. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema: hiyo ni yetu. Nilifungua kinywa, naapa nilikifungua. Lakini ningesema yetu, angeuliza yetu mimi na nani, na mtoto wa Baba Karanja angekuwa mwongo, na moto wa kumi na moja ungekuwa uongo, na ule wa kumi, na yote. Nikafunga kinywa. Karani akatoa chaki akachora msalaba mkubwa kwenye mlango wa mama yangu, mistari miwili, upesi, kama mtu anayekata kosa kwenye daftari.

Mama alirudi akiimba. Nyumba mia moja kamili zimetimia, ndivyo alivyodhani. Aliuona msalaba, akasimama. Aliingia, akapiga magoti, akatia mkono mzima kwenye majivu ya mafiga na kuuacha humo. Kisha akanitazama nilivyokuwa nimejibanza kwenye kona na masizi yangu. Nilingoja kofi. “Umekula?” akaniuliza.

Kumbe sisi hatukuwa peke yetu kudanganya kwenye hesabu: kwenye safu ya juu Mama Njeri alikuwa amegawanya banda la mbuzi wake mara mbili kwa pazia na kumweka shangazi yake humo, kwa hiyo mia ilitimia hata bila sisi. Alikuja kwetu jioni ile ile akiwa amekasirika. “Kesho twende Nyeri tumwambie karani amekosea,” alisema. Mama akamuuliza, “Nikimwambia nyumba yangu ina watu, ataniuliza mbona haikuwa na moto. Nitamjibu moto ulikuwa wapi?” Mama alichukua kitambaa kibichi akafuta msalaba mlangoni. Alifuta vizuri sana, mpaka ubao ukang’aa, na nadhani kwa miezi michache iliyofuata alijaribu kuamini kwamba umefutika hata kule ulikoandikwa daftarini.

Haukuwa umefutika. Siku Kihuruko ilipotangazwa kuwa mji walichinja fahali, mama akabebwa juu juu na wanawake, kisha orodha ya ploti ikasomwa. Jina la Baba Karanja lilisomwa. Majina yote kumi na moja yalisomwa, watu wenye mashamba yao, na la mama halikusomwa. Alisikiliza hadi mwisho, akapiga makofi na wengine. Kesho yake alienda kwa Baba Karanja, nami nikiwa nyuma yake, akamwomba kwa upole amwachie ile ploti, kwa kuwa yeye ana shamba na hakuwahi hata kuomba ploti. Baba Karanja hakuwa mtu mbaya, alitukaribisha chai. Alizungusha kikombe mkononi. “Mama Wambui,” alisema, “mimi sikukutuma uniwashie moto.” Nimemchukia kwa neno hilo maisha yangu yote, na kila nikiligeuza sioni kosa ndani yake.

Nyumba zenye msalaba zilibomolewa kwanza ili kupisha barabara ya kuingilia mjini. Ilikuwa moja tu. Mama Njeri alitusindikiza mpaka darajani, akalia kwa sauti mbele za watu. Tukaenda Timau, mama akapata kibarua kwenye mashamba ya ngano, tukakaa kwenye nyumba za mabati za wafanyakazi, kwenye upepo usiokoma. Hakuwahi tena kusimama kwenye baraza lolote. Alipokuwa mgonjwa, nami tayari ni mwalimu mwenye watoto, nilimwambia yote: kijiti chekundu, mbwa, kinywa nilichokifungua. Alinisikiliza macho yamefumbwa. “Najua,” alisema. “Majivu yalikuwa baridi. Ungesema siku ile, Kihuruko isingekuwepo.” Nikamuuliza kama ilistahili. Akaniomba maji, na sikuthubutu kuuliza mara ya pili. Alizikwa Nanyuki, kwenye makaburi ya umma, kwa sababu hatukuwa na udongo wetu wa kumlaza.

Mwaka jana nilipita Kihuruko. Ni mji kweli, mama, ungeuona. Kuna ghorofa, kuna taa za barabarani, kuna soko lenye paa, na wanapika kwa gesi. Niliinua pua kama mjinga na sikupata moshi hata chembe. Nilihesabu hatua kutoka kona ambapo Baba Karanja alijenga, sasa ni duka la saruji la wajukuu zake, mpaka nikafika mahali ambapo kwa hesabu yangu palikuwa na mafiga yetu. Lami. Nilisimama hapo. Sikuomba wala sikulia, nilisimama tu, nikiyapanga mdomoni yale maneno matatu, maana sasa sikuwa mtoto wa Baba Karanja na hakuna karani wa kuniuliza. Pikipiki ikapiga honi nyuma yangu, kijana amepakia magunia mawili ya viazi, ana haraka zake.

“Mathe, toka kwa barabara! Unasimama hapo kama ni kwenu?”

Nikasogea kando, nikampisha.